FCC ya Marekani ina meno, au ni kibogoyo mbele ya watoa huduma wa intaneti?

#1 Mlinzi wa Lindo
Wakuu, salamu. Kuna jambo linanikereketa. Niko Minnesota mwaka wa tisa sasa. Mtoa huduma wangu wa intaneti (jina naliacha) kila ikifika saa mbili usiku video zinaanza kugoma. Nikipima spidi kwa kile kipimo wanachokipendekeza wao wenyewe, namba zinang'aa kama siku ya harusi. Nikamwambia jirani yangu, mzee wa Kimarekani, kwamba nawapeleka FCC. Akacheka. Akasema FCC hawana mamlaka hayo tena, mahakama imewavua.

Ninavyojua mimi, hiyo Tume ya Mawasiliano ipo tangu 1934. Inagawa masafa ya redio, inatoza faini vituo vya utangazaji kwa sababu ya tusi moja. Itashindwaje na kampuni ya waya? Msimamo wangu ni huu, nipingeni: FCC ni kibogoyo wa kujitakia. Meno iliyokuwa nayo imeyang'oa yenyewe.

#2 Bubujiko
Nimekaa pale kwenye kivuli, nasubiri wanasheria.

#3 KambaMbili
Jirani yako yuko sahihi mkuu. Mahakama ya Juu ilifuta ile sheria ya usawa wa intaneti ya 2015, ile ya kumkataza mtoa huduma kuziba au kubana tovuti anazozichagua. Kesi imeisha, weka VPN ulale.

#4 Wakili Bila Joho
KambaMbili umechapia mara mbili kwenye sentensi moja. Si Mahakama ya Juu, ni Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Sita, ile ya Cincinnati, tarehe 2 Januari 2025. Na walichokiangusha si kanuni za 2015. Hizo zilifutwa na FCC yenyewe Desemba 2017. Zilizoanguka Cincinnati ni zile zilizopitishwa upya Aprili 2024, ambazo hazikuwahi hata kuanza kazi, maana mahakama hiyo hiyo ilikuwa imeshazisimamisha tangu Agosti.

Mleta uzi, Tume haikuzaliwa na mamlaka. Ina yale tu iliyopewa na Bunge kwa sheria ya 1934, iliyofumuliwa na kushonwa upya 1996. Sheria hiyo ina vyungu viwili. Chungu cha kwanza ni huduma ya mawasiliano: unapokea ujumbe wa mtu na kuufikisha kama ulivyo. Ukiwa humo wewe ni mchukuzi wa umma. Huchagui abiria, hubagui mzigo, na nauli yako iwe ya haki. Chungu cha pili ni huduma ya taarifa: unahifadhi, unachakata, unageuza, unatafutia watu taarifa. Ukiwa humo Tume inakugusa kwa ncha ya kidole tu.

Ugomvi wote wa miaka zaidi ya 20 ni huo. Intaneti ya nyumbani imo chungu gani?

#5 Dada Mkavu
Ahsante Wakili, ila sioni ugumu uko wapi. Barua pepe yangu iko kwa kampuni nyingine, filamu natazama kwa nyingine, picha nimehifadhi kwa nyingine kabisa. Aliyenivutia waya nafungua ukurasa wake siku ya kulipa bili tu. Ananipa taarifa gani huyo zaidi ya deni? Ananifikishia, basi.

#6 Wakili Bila Joho
Dada, umeongea kama Jaji Scalia wa Mahakama ya Juu. Mwaka 2002 FCC ilitamka kwamba intaneti ya kebo imo chungu cha pili. Ubishi ukafika Mahakama ya Juu 2005, kesi ya Brand X. Majaji sita dhidi ya watatu wakasema maneno ya sheria yana utata, na penye utata Tume ndiyo inachagua tafsiri, ilimradi isiwe ya kipuuzi. Scalia alikuwa kati ya wale watatu. Akatoa mfano wa pizza: duka likikuletea pizza mlangoni, huwezi kusema halitoi huduma ya kupeleka eti kwa sababu linapika pia.

#7 Bubujiko
Saa hizi mnataja pizza na wengine tumelalia chai.

#8 Mkata Nyaya
Nimevuta kebo Ohio miaka sita, naomba niongee upande wa nguzo.

Kampuni huwa zinasema: sisi tunatoa pia DNS, kile kitu kinachogeuza jina la tovuti kuwa namba, na tunaweka nakala za kurasa karibu na mteja. Kwa hiyo tunachakata taarifa, tuwekeni chungu cha pili. Haya. Mteja akiingia kwenye ruta yake akaweka DNS ya kampuni nyingine, ni kazi ya dakika mbili na intaneti inaendelea kama kawaida. Kitu unachoweza kukichomoa na gari likaendelea kutembea, hicho si injini. Hiyo ni redio ya gari.

Lakini mleta uzi na wewe usikimbilie kusema unabanwa, yaani wanakupunguzia spidi makusudi. Kwenye kebo, mtaa mzima mnagawana tundu moja. Saa mbili usiku kila nyumba iko kwenye video. Halafu kipimo cha spidi mara nyingi kinapima hadi kwenye seva iliyo ndani ya mtandao wao wenyewe, wakati video inatoka nje na kupita kwenye makutano ya kampuni na kampuni. Foleni iko pale kwenye makutano, kipimo hakifiki huko. Hata kanuni za 2015 zingekuwepo leo, shida yako huenda isingekuwa kosa la mtu.

#9 Mlinzi wa Lindo
Mkata Nyaya kwa hiyo nimeanzisha uzi mzima kwa sababu ya foleni? 😅

#10 Mkata Nyaya
Foleni au kubanwa, ukiwa nyumbani huwezi kuvitofautisha. Ndiyo maana mdhibiti anahitajika.

#11 Mzee Kidevu
Vijana mnaruka hatua. Anzieni 2007. Jamaa mmoja, Robb Topolski, mtaalamu wa mitandao, alikuwa anagawia wenzake nyimbo za zamani za vikundi vya sauti nne kwa BitTorrent, njia ya watu kugawiana mafaili kompyuta kwa kompyuta. Akaona hazitoki. Akachunguza, akakuta Comcast, kampuni ya intaneti ya kebo, inatuma pakiti (vipande vya data) za uongo zinazojifanya zimetoka upande wa pili, zikisema "tumemaliza, kata". Shirika la habari la AP likafanya jaribio lake. Unajua walituma nini? Biblia, tafsiri ya Mfalme James. Nayo ikakatwa.

Agosti 2008 FCC ikaiamuru kampuni iache mchezo huo. Kampuni ikaenda mahakamani, na tarehe 6 Aprili 2010 majaji wote watatu wa Mahakama ya Rufaa ya Washington wakakubaliana nayo. Hawakusema Comcast ilifanya vizuri. Waliiambia Tume: tuonyesheni kifungu. Tume ilikuwa inategemea mamlaka ya pembeni, yaani uwezo wa kufanya mambo yanayosaidia kazi zake kuu. Majaji wakasema kamba hiyo lazima ifungwe kwenye kigingi, na nyinyi mmefunga hewani.

Sasa linganisha na 2005. Kampuni ndogo ya simu, Madison River, iliziba simu za Vonage zinazopita kwenye intaneti. Tume ikaingilia, jambo likaisha kwa makubaliano na kampuni ikalipa dola 15,000. Kesi haikufika popote. Kwa nini? Wakati huo intaneti ya waya wa simu ilikuwa bado haijahamishwa kutoka chungu cha kwanza. Ilihamishwa baadaye mwaka huo huo.

#12 Mlinzi wa Lindo
Mzee Kidevu umenirudishia uhai! Aliyehamisha ni nani? Si Tume yenyewe, 2002 na 2005? Basi msimamo wangu wa #1 bado umesimama. Kibogoyo wa kujitakia.

#13 Chongo Naona
Mnatafuta sheria mahali penye siasa. Hesabuni kura: 2010, tatu kwa mbili. 2015, tatu kwa mbili. 2017, tatu kwa mbili. 2024, tatu kwa mbili. Kila mara chama cha rais ndicho chenye wale watatu. Wenyeviti wa Tume nao hivyo hivyo: Wheeler (2015) anaingiza intaneti chungu cha kwanza, Pai (2017) anatoa, Rosenworcel (2024) anarudisha. Maneno ya 1996 ni yale yale, hata koma haijasogea. Chungu hakibadiliki, anayebadilika ni mpishi.

Na msiniambie wananchi walisikilizwa. 2017 yalipokelewa maoni kama milioni 22. Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York alipochunguza, ripoti yake ya 2021 ikasema karibu milioni 18 ni feki. Mwanafunzi mmoja wa chuo, miaka 19, alituma peke yake zaidi ya milioni 7.7, akiunga mkono usawa wa intaneti. Na upande wa kampuni walifadhili kampeni iliyotoa milioni 8.5 kwa majina ya watu wasiojua lolote. Huku feki, kule feki.

#14 Bubujiko
Milioni 7.7 peke yake? Huyo alikuwa na bando la nani?

#15 Wakili Bila Joho
Chongo, siasa ipo, lakini haielezi kwa nini upande mmoja unapigwa mahakamani na mwingine la. Fuata mlolongo. Baada ya pigo la 2010 Tume ilitunga kanuni mpya bila kuhamisha chungu. Januari 2014, kesi ya kampuni ya simu na intaneti ya Verizon, mahakama ile ya Washington ikasema: mnataka kuwabebesha watu wajibu wa mchukuzi wa umma, na nyinyi wenyewe mmesema si wachukuzi. Haiwezekani. Ikabaki kanuni ya uwazi tu, kwamba mtoa huduma aseme hadharani anavyoendesha mtandao wake. Ndipo 2015 wakahamisha chungu kweli. Mahakama ile ile ya Washington ikabariki Juni 2016, majaji wawili kwa mmoja. Pai akahamisha kurudi chungu cha pili. Mahakama ile ile ikabariki na hiyo, sehemu kubwa, Oktoba 2019.

Yaani imekubali majibu mawili yanayopingana kwa swali moja! Iliwezekana kwa sababu ya kanuni iliyotokana na kesi ya Chevron ya 1984: penye utata, jaji anamwachia mdhibiti. Tarehe 28 Juni 2024 Mahakama ya Juu ikaizika kanuni hiyo kwenye kesi ya Loper Bright, ambayo haina hata harufu ya intaneti. Ni wavuvi wa samaki aina ya heringi waliokataa kulipia wakaguzi wanaopanda kwenye boti zao.

Miezi sita baadaye Cincinnati wakasoma sheria kwa macho yao. Wakasema mtoa huduma anatoa uwezo wa kuifikia taarifa, na uwezo huo unatosha, hata kama taarifa yenyewe ni ya watu wengine. Chungu cha pili. Mjadala wa Tume ukakomea hapo.

#16 Bubujiko
Kwanza pizza, sasa samaki. Uzi huu unanitesa.

#17 Mkata Nyaya
Kama "uwezo wa kuifikia taarifa" unatosha, basi na simu ya mezani ni huduma ya taarifa. Napiga saluni naulizia bei. Taarifa si hiyo?

#18 Wakili Bila Joho
Walilijibu hilo kwa namna yao, wakasema simu inaunganisha watu wanaozungumza, hali mtandao unakuunganisha na kompyuta zinazohifadhi na kuchakata. Sikuambii limeniridhisha.

#19 Dada Mkavu
Mimi naona majaji ndio waliojinyakulia madaraka. Zamani alichagua mtu anayejua ruta ni nini. Leo anachagua jaji mwenye kamusi. Chongo analalamikia kura tatu kwa mbili, kule Cincinnati wameamua watu watatu tu na hakuna aliyewapigia kura.

Na kesi ilifikaje huko? Kampuni zilifungua mashauri kanda mbalimbali, ikapigwa bahati nasibu kujua kanda gani itasikiliza. Sitanii, bahati nasibu ya kisheria kabisa. Ingeangukia Washington huenda leo tunaongea habari nyingine.

#20 KambaMbili
Nimerudi baada ya kipigo cha #4. Dada, kwa nini lawama zisiende Bungeni? Wanaweza kuandika mstari mmoja: "intaneti ni huduma ya mawasiliano", au "si huduma ya mawasiliano", na kila mtu akalala. Miaka karibu 30 hawajaandika. Lakini msiseme hawawezi. 2017 walizifuta kanuni za FCC za faragha ya wateja wa intaneti kwa kura ya haraka, rais akasaini Aprili. Na njia waliyotumia inaikataza Tume kutunga tena kanuni zinazofanana nazo bila sheria mpya. Mikono wanayo. Wanaitoa mfukoni wanapotaka.

#21 Mzee Kidevu
KambaMbili leo hujachapia. Hongera mwanangu.

#22 Shangazi wa Columbus
Hamjambo wanangu. Mimi sheria siijui, naeleza yaliyonipata. Nilikuwa napata lile punguzo la dola 30 kwa mwezi kwenye bili ya intaneti, lililosimamiwa na hao FCC. Mtoto anasoma, mimi naongea na daktari kwa video, maisha yanakwenda. Mwaka 2024 barua ikaja, punguzo linakwisha. Nikapiga simu, dada wa watu akaniambia kwa upole kabisa kwamba fedha za Bunge zimeisha. Mwezi uliofuata mtoa huduma akaniandikia bili kamili kama vile hatujawahi kufahamiana. Kwa hiyo nyinyi mnabishana kuhusu chungu, mimi nauliza unga.

#23 Wakili Bila Joho
Shikamoo Shangazi. Umegusa mpaka mwingine wa mamlaka: Tume haiwezi kutumia senti ambayo Bunge halijatenga. Mpango huo ulitengewa dola bilioni 14.2 mwaka 2021, ulifikisha kaya zaidi ya milioni 23, na ukafungwa rasmi 1 Juni 2024. Na kuwalazimisha watoa huduma washushe bei wenyewe haikuwezekana. Hata 2015, walipokuwa chungu cha kwanza, Tume iliahidi kutopanga bei.

#24 Chongo Naona
Shangazi, hamia New York. Jimbo lile lina sheria ya 2021: kaya ya kipato cha chini inauziwa intaneti ya megabiti 25 kwa dola zisizozidi 15 kwa mwezi. Kampuni zilishtaki, zikashinda mwanzo, kisha zikashindwa kwenye rufaa Aprili 2024. Mahakama ya Juu ikakataa kulisikiliza, na sheria ikaanza kazi Januari 2025.

Utamu wake uko hapa. Kampuni ndizo zilizopigania miaka yote intaneti iwe chungu cha pili ili FCC isiziguse. Zikafanikiwa. Majimbo nayo yakasema vizuri, kama Tume haina mamlaka juu yenu, basi haina pia mamlaka ya kutuzuia sisi. Kesi ya 2019 ndiyo iliyofungua mlango huo: Pai alitaka kupiga marufuku sheria za majimbo, mahakama ikamkatalia. Huwezi kutangaza shamba si lako halafu ukamfukuza jirani anayelima. California walishatunga sheria yao ya usawa wa intaneti 2018, nayo ikapita mahakamani Januari 2022.

#25 Mkata Nyaya
Chongo malizia hadithi, usimpeleke Shangazi New York kwa nusu ya habari. Sheria ilipoanza, kampuni ya AT&T iliacha kuuza intaneti yake ya nyumbani ya 5G jimboni humo.

Na kwa Tume majimbo ni ukuta mwingine. Chattanooga, Tennessee, shirika la umeme la mji lilijenga mtandao wake wa intaneti ya nyuzi, moto kweli kweli. Vitongoji vya jirani vikauomba. Sheria ya jimbo ikakataza usivuke eneo lake la umeme. 2015 FCC ikajaribu kuivunja sheria hiyo. 2016 mahakama ikasema Tume haiwezi kuingia kati ya jimbo na miji yake. Mahakama gani? Kanda ya Sita, hao hao wa Cincinnati.

#26 Shangazi wa Columbus
Siendi kokote mwanangu, New York kodi ya nyumba ningelipa kwa figo.

#27 Dada Mkavu
Na faini je? Mleta uzi alisema wanatoza. Nasikia nazo zimeanza kupingwa.

#28 Wakili Bila Joho
Kweli. AT&T ilitozwa dola milioni 57 kwa kuachia data za mahali walipo wateja. Aprili 2025 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tano ikaifuta faini, ikisema huwezi kuwa polisi, mwendesha mashtaka na hakimu. Mtu ana haki ya baraza la wazee wa mahakama. Juni mwaka huo Kanda ya Pili ikaamua hoja kama hiyo ya Verizon, faini ya karibu milioni 47, ikasema faini halali. Kosa la aina moja, majibu mawili. Mkitaka tuendelee, tufungue uzi mwingine.

#29 Mlinzi wa Lindo
MREJESHO. Kimya cha wiki tano kilikuwa na sababu. Nilikaidi ushauri wenu nikapeleka lalamiko FCC kupitia tovuti yao. Bure, dakika kumi. Kumbe hata kama Tume haiwezi kuwaadhibu kwa kubana, lalamiko likishafikishwa kwa mtoa huduma ana siku 30 za kujibu kwa maandishi. Siku ya 12 wakanipigia. Sauti tamu, si ile ya siku zote.

Fundi akaja, akapanda, akakuta kiungio cha nje kimetafunwa na kindi. Akabadilisha. Asubuhi na mchana sasa inapaa.

Saa mbili usiku bado inagoma.

#30 Mkata Nyaya
Makutano. Nilisema.

#31 Mlinzi wa Lindo
Au wananibana. Na FCC imewatikisa bila kutumia mamlaka yoyote, kwa hiyo #1 nimeshinda?

#32 KambaMbili
Umeshinda dhidi ya kindi.

#33 Bubujiko
Kindi naye ni mchukuzi wa umma au huduma ya taarifa? Wakili njoo.